Jina la Binti Fundikira

Kwenye kikao cha mahari ya mdogo wangu nilipewa daftari. Ndivyo inavyokuwa kwetu: aliyesoma ndiye anayeandika, na mimi nilisoma historia, somo ambalo baba zangu wanaamini kazi yake kubwa ni kutunza kumbukumbu za vikao. Wageni walikuwa wametoka Tabora kwa treni, wakashuka Dodoma alfajiri, wakafika kijijini kwetu upande wa Mvumi saa nne, wamechoka na wana adabu nyingi. Baba mkubwa hakuwaonea huruma. Kabla mshenga hajafungua mdomo aliwakumbusha kwamba babu zao walipita Ugogo na meno ya tembo mabegani, na kila walipopita walilipa hongo, sasa wao wamepita kwa treni hadi hapa bila kulipa chochote. Mshenga alikuwa mtu mzima anayejua kazi yake. Akatoa noti ya elfu kumi, akaiweka kwenye sahani. "Hongo hiyo, mzee wangu." Watu wakacheka na kikao kikaanza. (Neno hilo siku hizi linakupeleka mahakamani. Wakati ule lilikuwa ushuru halali, ukilipwa kwa vitambaa na shanga ili upate ruhusa ya kupita na kuchota maji.)

Niliandika kurasa tano. Ng'ombe wangapi watakuja kwa miguu yao na wangapi watakuja kama fedha. Mbuzi. Mkaja wa mama, shuka la bibi, blanketi la babu. Fungu la mjomba peke yake lilichukua nusu saa na kikombe kimoja cha chai kilichomwagika. Peter Rigby, msomi aliyeishi Ugogo mwanzoni mwa miaka ya 1960 na kuandika kitabu kizima kuhusu ng'ombe na undugu wa Wagogo, angejisikia nyumbani: ng'ombe wa mahari bado wanagawanywa upande wa baba na upande wa mama, na bado mtu anaondoka amenuna.

Jioni mdogo wangu, ambaye kwa hesabu za Kizungu ni binti wa baba yangu mdogo lakini kwetu ni mdogo wangu basi, alinifuata jikoni. Akalichukua daftari, akalisoma lote amesimama. Kisha akauliza, "Dada, mimi niko wapi humu?"

Nikaangalia. Jina lake lilikuwepo mara moja, juu kabisa, kwenye kichwa cha kikao. Baada ya hapo alikuwa "binti yetu". Kuanzia ukurasa wa tatu alikuwa "mhusika". Hakuna mzee aliyelisema neno hilo. Niliandika mimi mwenyewe, kwa kufupisha.

Miezi miwili baadaye tulipanda treni ya zamani kwenda Tabora kwa ajili ya harusi. Nilikuwa na kitabu mkobani ambacho nilikisoma chuoni harakaharaka kwa ajili ya mtihani: *Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi yaani Tippu Tip*. Watu wengi wanamjua Tippu Tip kama mfanyabiashara wa pembe na watumwa, na ndivyo alivyokuwa. Wachache wanajua kwamba uzeeni alisimulia maisha yake kwa Kiswahili, akaandika kwa herufi za Kiarabu, na Mjerumani Heinrich Brode akayahamishia kwenye herufi za Kirumi na kuyachapisha Berlin mwanzoni mwa karne ya 20. Wengi huitaja kuwa tawasifu ya kwanza ya Kiswahili. Ni kitabu cha mtu anayehesabu: frasila za pembe, bunduki, wapagazi, madeni. Wanawake ndani yake ni wachache. Safari hii, treni ikiwa imeshapita Bahi na jua limeshaanza kuchoma kupitia dirishani, niliamua kuwatafuta wao.

Ndipo nikasimama kwa Karunde.

Karunde alikuwa binti wa Fundikira, mtemi wa Unyanyembe, nchi ambayo mji wa Tabora umekaa juu yake. Aliolewa na Muhammed bin Juma, mfanyabiashara wa pembe kutoka Unguja, baba yake Tippu Tip. Kwa hiyo kwa Tippu Tip alikuwa mama wa kambo. Sasa angalia jambo moja dogo. Mama mzazi wa Tippu Tip, Mwarabu wa Maskati, anajulikana katika historia kama Bint Habib bin Bushir, yaani kwa jina la baba yake na la babu yake. Mama wa kambo ana jina lake mwenyewe. Mwana amemtaja mke wa baba waziwazi na mama yake amemfunika.

Mtu anaweza kusema ni heshima. Kweli, kwa watu wa daraja lake jina la mama halikutupwa hovyo mbele za watu. Lakini mimi naona na sababu nyingine. Jina la Bint Habib halikuwa na kazi barani. Jina la Karunde lilikuwa na kazi, na kazi hiyo ndiyo iliyolihifadhi.

Ili kuielewa kazi hiyo inabidi kumjua baba yake. Richard Burton, Mwingereza aliyefika Tabora mwezi Novemba 1857, wakati ambapo wageni waliuita mji huo Kazeh, ameacha maelezo ya Fundikira ambayo siwezi kuyasahau. Anasema habari za kifo cha baba yake zilimkuta Fundikira njiani kuelekea pwani, mpagazi kama wapagazi wengine, mzigo begani. Akautua mzigo ajiandae kurudi kutawala. Wenzake hawakumwachia hivihivi. Walimtania, nusu mzaha nusu kweli, kwamba sasa hivi bado ni mwenzao, ila kesho atawatoza faini na kuwachapa viboko. Nawapenda sana hao wapagazi. Walielewa madaraka kuliko walimu wangu wengi.

Fundikira alirudi, akarithi mali ya baba yake pamoja na wajane wake, kama ilivyokuwa desturi. Burton anataja makao yake kuwa Ititenya. Masikio yangu yanasikia Itetemia, ambayo leo ni kata ya Manispaa ya Tabora. Anampa wake 10, watoto 3, nyumba 300 za watumwa na wafuasi, na ng'ombe 2,000. Wake wamo kwenye orodha moja na nyumba na ng'ombe, na hakuna hata mmoja mwenye jina. Nilipoisoma orodha hiyo nilicheka kidogo, kwa aibu, maana nilikuwa nimeandika orodha kama hiyo miezi miwili kabla.

Kwa mfanyabiashara wa pwani, Unyanyembe ilikuwa njia panda. Ukitoka Bagamoyo unapanda Usagara, unavuka nyika kavu ya Marenga Mkali, unapita Ugogo ukilipa hongo, unakata pori la Mgunda Mkali, ndipo unafika Tabora. Hapo njia zinagawanyika: moja kuelekea Ujiji na Ziwa Tanganyika, nyingine kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Reli ya Kati iliyofika Dodoma mwaka 1910 na Tabora mwaka 1912 ilifuata kwa sehemu kubwa nyayo za misafara hiyo. Mtu mwenye pembe za kupeleka pwani alihitaji wapagazi mamia, chakula, mahali pa kujenga, na mwenyeji ambaye hataamka siku moja amebadili mawazo. Unaweza kununua vitu hivyo kimoja kimoja kila mwaka. Au unaweza kuoa.

Muhammed bin Juma alioa. Akakaa Ituru, karibu na Tabora, na mwanawe anasimulia jinsi ndoa ile ilivyompa baba yake heshima kubwa katika nchi. Hakuwa tena mgeni anayeomba kibali. Alikuwa mkwe.

Hapa inabidi nieleze jambo la Kinyamwezi, nililosimuliwa pia na mama mkwe mtarajiwa wa mdogo wangu tukiwa tunachambua mchele, kwa ufupi kuliko kitabu. Mwanaanthropolojia R. G. Abrahams, aliyefanya utafiti Unyamwezi mwishoni mwa miaka ya 1950, alieleza kwamba kulikuwa na namna mbili za ndoa. Mahari yakitolewa, watoto ni wa upande wa baba. Yasipotolewa, mume ni mume, lakini watoto wanabaki upande wa mama yao. Kwa familia ya kawaida hiyo ni habari ya nani atalima na nani atapokea ng'ombe wa binti baadaye. Kwa familia ya mtemi ni habari ya kiti. Zamani, katika tawala nyingi za Kinyamwezi, utemi ulipita kwa wanawake: mtemi alirithiwa na mtoto wa dada yake, mpaka katika karne ya 19 ambapo nyingi zilianza kugeukia watoto wa kiume wa mtemi mwenyewe. Binti wa ukoo wa mtemi hakuwa mtu wa kuondoka na kusahauliwa. Tumbo lake lilikuwa sehemu ya katiba.

Shuleni tulifundishwa historia ya Ulaya ya zama za kati, na mwanamke pekee ninayemkumbuka kutoka kwenye somo lile ni Eleanor wa Aquitaine. Aliolewa na mfalme wa Ufaransa mwaka 1137, wakaachana, na mwaka 1152 akaolewa na Henry, ambaye miaka miwili baadaye alikuwa mfalme wa Uingereza. Aquitaine, nchi aliyoirithi kwa baba yake, ilimfuata kila alipokwenda kama sanduku la bibi harusi, na wafalme wa Uingereza na Ufaransa waligombea maeneo hayo hadi 1453. Kwa Karunde ilikuwa kinyume chake. Unyanyembe haikwenda popote. Mume ndiye aliyesogea, akajenga penye ardhi ya mkewe. Ukiniuliza nani kati ya wanawake hao wawili alikuwa na ngome imara zaidi, jibu langu linabadilika kila wiki.

Mfano wa karibu zaidi tunao wenyewe, na una umri wa kama miaka elfu moja. Ile hadithi ya Kiswahili ya Kilwa Kisiwani inasema mtu wa Shirazi alifika kwa merikebu, akamkuta mzee wa kisiwa aitwaye Mrimba, akakinunua kisiwa kwa vitambaa. Kila mtoto wa shule anakumbuka vitambaa. Lakini hadithi hiyo ya Kiswahili inaongeza kwamba mgeni alimwoa pia binti wa Mrimba, na mtoto waliyemzaa ndiye aliyetawala, mjukuu wa mwenyeji na mtoto wa mgeni. Tarihi ya Kilwa ya Kiarabu imebaki na vitambaa tu. Waliosimulia kwa Kiswahili hawakuridhika na vitambaa. Walijua kwamba kitambaa kinachakaa, na mtu hawezi kudai nchi kwa kanga iliyochanika. Mjukuu hachakai. Hata hivyo, huyo mwanamke aliyebeba uhalali wa mji mzima anaitwa binti wa Mrimba. Mhusika, kama ningeandika mimi.

Fundikira aliugua mwaka 1858. Ndugu zake wakashukiwa uchawi, mganga akaitwa, kuku akapasuliwa, na mtemi hakupona. Aliyeshika kiti, Mnywa Sere, aliwataka wafanyabiashara wa Kiarabu walipe ushuru. Walikataa. Mwaka 1860 wakamwondoa na kumweka Mkasiwa, mtu waliyeona watasikilizana naye. Mnywa Sere akaingia porini na kuzifunga njia za misafara. Januari 1861 alimjia John Speke, Mwingereza mwingine aliyekuwa akipita kuelekea Ziwa Victoria, mahali paitwapo Jiwe la Mkoa, katika pori lile lile la Mgunda Mkali ambalo treni yetu ilikuwa ikilikata baada ya Manyoni, polepole, huku wauza asali wakikimbia pembeni na madumu yao. Alimweleza Speke kisa chake chote: ushuru, dharau, kiti kilichoporwa. Vita viliendelea miaka, na mwisho Mnywa Sere aliuawa.

Vitabu vinavieleza vita hivyo kama ugomvi wa Waarabu na Wanyamwezi juu ya kodi. Ni kweli. Lakini weka nyumba ya Ituru katikati ya sentensi hiyo. Mume ni Mwarabu wa pwani. Mke ni binti wa Fundikira. Na Waarabu wa pwani wanamwinda aliyerithi kiti cha Fundikira. Ndoa iliyofungwa ili mtu asiwe mgeni inafika siku ambayo kila mtu anaulizwa yuko upande gani. Mdogo wangu alikuwa amelala kichwa chake begani kwangu nilipofika ukurasa huo. Nilifunga kitabu. Kuna mambo si ya kusoma ukiwa unampeleka mtu kwa wakwe.

Tippu Tip alilijifunza vizuri somo la Ituru, pengine vizuri kupita kiasi. Mwanzoni mwa miaka ya 1870, akiwa mbali ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, katika nchi ya Utetera ambayo leo iko Kongo, alisikia kwamba mtawala mzee Kasongo Rushie alikuwa na dada wawili waliotekwa zamani na kupotea, mmoja akiitwa Daramumba. Tippu Tip akapeleka habari kwamba amefika nyumbani: Daramumba alikuwa bibi yake, aliyemzaa mama yake. Anasimulia mwenyewe, bila haya, jinsi alivyoisuka hadithi hiyo. Kasongo akafurahi, akamwachia nchi. Hapo hapakuwa na vitambaa wala mahari wala vita. Palikuwa na jina la mwanamke tu, likiwekwa mahali ambapo lingefungua mlango. Mama yake halisi, Bint Habib, ambaye hatumjui hata jina lake la kwanza, alipewa mama mpya ili mwanawe apate pembe za tembo. Sijui nicheke au nifanye nini na ukurasa ule. Niliupigia mstari.

Karunde alifariki kabla ya mumewe. Na sasa naingia kwenye sehemu iliyonifanya niandike haya. Muhammed bin Juma hakurudi Unguja, wala hakutafuta mke mahali pengine. Alimwoa Nyaso, mdogo wake Karunde. Mlango ulikuwa umeachwa wazi, akawekwa mtu mwingine wa damu ileile ili usifungike.

Bibi yangu, mama yake baba, aliingia kwa babu kwa njia hiyohiyo. Dada yake alikufa akijifungua na kuacha watoto wawili. Mkubwa wao ndiye baba mkubwa wa sahani ya hongo. Ng'ombe wa dada walikuwa wameshagawanywa, wengine wameshaoa wake wa watu wengine. Wazee wakapima wakaona ni rahisi kuleta mdogo mtu kuliko kurudisha ng'ombe. Nyumbani hatukuwahi kulizungumza kama huzuni. Lilikuwa jambo la kawaida kama kisima.

Muhammed bin Juma naye alikufa, kabla bendera ya Wajerumani haijapandishwa Tabora mwaka 1890. Wakati huo mtemi alikuwa Isike, mwana wa Mkasiwa, ambaye hakutaka kutawaliwa na mtu yeyote. Januari 1893, askari wa Kijerumani wakiongozwa na Tom von Prince walipovunja ngome yake, Isike alijilipua kwa baruti. Wajerumani wakatafuta mtu wa kumweka kwenye kiti cha Unyanyembe. Wakamweka Nyaso.

Nataka uone mtu huyu kwa ukamilifu. Binti wa mpagazi aliyegeuka mtemi. Mke wa pili mahali pa dada yake. Mjane wa mfanyabiashara. Ukoo wake umegawanywa na vita ambavyo wakwe zake walikuwa upande mmojawapo. Kisha mkoloni, kwa sababu zake mwenyewe ambazo hazikuwa nzuri, anafungua mlango na kumkalisha yeye. Si mwanawe, si mumewe. Baadhi ya watu wanamhesabu kama kibaraka na wana hoja. Mimi nalitazama jambo lingine: maisha yake yote damu yake ilikuwa njia ya wengine kupita, na sasa mwishoni njia ikaishia kwake. Aliyemfuata kwenye kiti naye alikuwa mwanamke, na jina lake lilikuwa Karunde.

Ukoo huo haukuishia kwa Wajerumani. Abdallah Fundikira, mtemi wa Unyanyembe, alikuwa waziri katika serikali ya kwanza ya Tanganyika huru, mpaka utemi ukafutwa mwaka 1963. Lakini hiyo ni habari ya wanaume na inaandikwa vya kutosha.

Tuliporudi kutoka harusini nililichukua lile daftari na kuandika upya kurasa tano zote. Kila penye "mhusika" niliweka jina. Baba mkubwa aliona wino mpya, akauliza kwa nini nachezea kumbukumbu za kikao ambacho kimeshafungwa. Nikamwambia nilikuwa nimekosea tahajia. Akalisaini.

Usiku huo, nikiwa nimekaa na bibi nje, nilimsimulia habari za Nyaso: dada aliyekufa, mume aliyeachwa, Wajerumani, baruti, kiti. Nilidhani atakachokishika ni kiti. Alinyamaza muda mrefu, akijikuna goti. Kisha akaniuliza kwa Kigogo kama katika kitabu hicho wameandika, yule Nyaso alipoingia kwenye ile nyumba, alipikia vyungu vya dada yake au alifinyangiwa vyake.